Seli zilezile, majibu mawili: kutafuta hali iliyofichika kwenye Jupyter na marimo

Daftari la Jupyter, yaani ukurasa wa kivinjari wenye vipande vya msimbo viitwavyo seli, linaonyesha jumla ya shilingi 1,392,400. Unalifunga, kesho yake unalifungua na kuliendesha kutoka juu hadi chini, linatoa 1,180,000. Hakuna herufi iliyoguswa. Wengi hukimbilia kushuku faili la data, na mara nyingi faili halina lolote. Tatizo limekaa mahali pasipoonekana kwenye skrini: ndani ya keneli, ile programu inayofanya kazi nyuma ya kivinjari na kushika kila jina ulilolipa thamani tangu ilipowashwa. Maandishi ya seli ni kitu kimoja, kumbukumbu ya keneli ni kitu kingine, na katika Jupyter hakuna kinachovilazimisha vilingane. Pengo hilo ndiyo hali iliyofichika.

Si ugonjwa wa wanaoanza tu. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha utafiti wa madaftari ya Jupyter yapatayo milioni 1.4 yaliyokuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha upya, asilimia 24.11 tu yalifika mwisho bila kosa, na asilimia 4.03 tu yalitoa matokeo yaleyale yaliyokuwa yamehifadhiwa. Sababu zilikuwa nyingi, maktaba zinazokosekana zikiwemo, lakini seli zilizoendeshwa nje ya mpangilio zilikuwa na fungu lao.

Madaftari yanayoitikia, yaani marimo kwa Python, Pluto kwa Julia na Observable kwa JavaScript, yalitengenezwa kuziba pengo hilo. Yanasoma maandishi ya kila seli, yanaona inafafanua majina gani na inatumia majina gani, kisha yanachora grafu ya utegemezi. Jina likibadilika, kila seli inayolitumia inaendeshwa upya bila kuombwa. Ila lishike neno hili moja, maana nusu nzima ya pili ya mwongozo huu imesimama juu yake: madaftari haya hufuata majina, hayafuati vitu. Kitu kikibadilishwa kimyakimya bila jina jipya kuzaliwa, grafu haioni chochote.

Kabla hujaanzisha upya chochote

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuanzisha upya keneli. Ni sahihi, ila si hatua ya kwanza. Ukianzisha upya umefuta ushahidi wote. Fundi hafagii karakana kabla hajaiona nati iliyodondoka. Kwanza fungua seli mpya mwishoni na uendeshe hizi:

```
%whos
%history -n
```

Ya kwanza inaorodhesha kila jina lililo hai, aina yake na muhtasari wa thamani yake. Ya pili inaorodhesha kila kilichoendeshwa tangu keneli iwashwe, kwa mpangilio wake halisi, pamoja na seli ulizozifuta. Ukikuta jina ndani ya `%whos` ambalo halifafanuliwi popote kwenye daftari, umeshampata mzimu wako.

Halafu soma namba za pembeni ya seli. Daftari safi linasomeka [1], [2], [3], [4]. Likisomeka [1], [2], [17], [4], ujue seli ya tatu iliendeshwa baada ya ya nne, na katikati kulikuwa na mizunguko kumi na miwili ambayo alama zake hazipo tena. Kwa daftari ulilotumiwa na mtu, namba hizo zimehifadhiwa ndani ya faili lenyewe, kwa kuwa `.ipynb` ni JSON tu, yaani maandishi yaliyopangwa, na `jq` ni programu ndogo ya kuyasoma:

```
jq '[.cells[] | select(.cell_type=="code") | .execution_count]' mauzo.ipynb
```

Jibu kama `[1, 2, 17, 4, null]` linatosha kukuonya usiamini michoro iliyomo kabla hujaiendesha mwenyewe.

Sasa anzisha upya. Kwenye JupyterLab ni menyu ya Kernel, kisha "Restart Kernel and Run All Cells…". Ukiwa nje ya maandishi ya seli, kubonyeza `0` mara mbili huanzisha upya bila kuendesha. Usidanganyike na `%reset -f`: inafuta majina, lakini moduli zilizoshapakiwa, folda unayofanyia kazi, mipangilio ya pandas (maktaba ya majedwali) na vigeu vya mazingira vinabaki kama vilivyokuwa.

NameError baada ya kuanzisha upya

Jana kila kitu kilikwenda, leo `NameError: name 'df' is not defined`. Chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu. Seli iliyofafanua `df` imefutwa. Au jina limebadilishwa: juu uliandika `mauzo` badala ya `df`, chini kuna seli iliyosahauliwa ambayo bado inaita `df`, na `df` ya zamani ilikuwa bado hai. Au seli inayofafanua ipo, lakini iko chini ya ile inayotumia.

La tatu hutibiwa kwa kupandisha seli juu. La pili, tafuta jina la zamani kwenye daftari zima na ulibadilishe kila mahali. La kwanza ndilo linaloumiza, na hapa ndipo faida ya kutoharakisha kuanzisha upya inapoonekana: keneli ikiwa bado hai, `print(In[5])` inakurudishia maandishi ya seli namba 5 hata kama imefutwa. Kama hukumbuki namba, `%history -g mauzo` inatafuta neno hilo hata kwenye vipindi vilivyopita.

Namba inayokua kila ukiendesha

Turudi kwenye shilingi 1,392,400. Seli yenyewe ni hii, inaongeza VAT ya asilimia 18:

```python
mauzo["bei"] = mauzo["bei"] * 1.18
```

Mauzo halisi ni 1,000,000. Endesha mara moja, 1,180,000. Endesha tena, labda kwa sababu ulirekebisha maoni yaliyo juu ya mstari, 1,392,400. Seli inasoma bei na kuandika juu ya bei ileile, kwa hiyo kila mbonyezo wa Shift na Enter unatoza kodi upya. Dalili yake inapimika: gawa namba mbaya kwa namba nzuri. Ukipata 1.18, kodi imetozwa mara moja zaidi, 1.3924, mara mbili zaidi. Uwiano nadhifu wa aina hii hautoki kwenye data chafu.

Tiba si kuwa mwangalifu. Tiba ni kuandika seli ambayo ukiiendesha mara kumi inatoa jibu la mara ya kwanza:

```python
mauzo_vat = mauzo.assign(bei_vat=mauzo["bei"] * 1.18)
```

Chanzo hakiguswi, tokeo lina jina lake. Vivyo hivyo kwa `orodha.append(...)`, `mauzo.drop(..., inplace=True)` na `jumla += x`. Mbili za kwanza zibadilishe ziwe kuunda kitu kipya; ya tatu, hakikisha `jumla = 0` iko kwenye seli ileile. Na ukiandika `nakala = mauzo`, hujatengeneza nakala. Hayo ni majina mawili ya jedwali moja, na ukiharibu moja umeharibu yote. Nakala ni `mauzo.copy()`.

'list' object is not callable

Mtu aliandika `list = [3, 5, 8]` saa mbili zilizopita, akagundua, akafuta seli. Lakini jina `list` ndani ya keneli bado ni orodha yake, si ile ya Python. Endesha `del list`, ya asili inarudi papo hapo. Wahanga wengine wa kawaida ni `sum`, `max`, `input`, `id` na `type`.

Mara ya kwanza inafanya kazi, mara ya pili tupu au imepotea

Kuna vitu vya Python vinavyoliwa vikisomwa. Kisomaji cha `csv.reader`, faili lililofunguliwa kwa `open`, matokeo ya `map`, `zip` na `filter`: ukishavipitia hadi mwisho, mara ya pili vinatoa orodha tupu bila malalamiko yoyote. Kama kimeundwa kwenye seli moja na kuliwa kwenye nyingine, kuiendesha ya pili peke yake kutakupa `[]`. Viweke kwenye seli moja, au kigeuze kuwa orodha palepale kinapozaliwa.

Ndugu yake ni `os.chdir("data")`. Mara ya kwanza inaingia ndani ya `data`. Mara ya pili inatafuta `data` ndani ya `data` na kutoa `FileNotFoundError`. Usihamishe folda ndani ya daftari; andika `FOLDA = Path("data")` na ujenge njia kutoka hapo.

Namba za bahati nasibu pia zimo. `np.random.seed(42)` ikiwa seli ya kwanza na uchaguzi wa sampuli ukiwa seli ya sita, seli ya sita ikiendeshwa mara mbili inatoa sampuli mbili tofauti, kwa kuwa mbegu ilipandwa mara moja tu. Weka `rng = np.random.default_rng(42)` ndani ya seli ileile inayochagua sampuli. Kuitenga kwenye seli yake hakusaidii, hata kwenye marimo: `rng` ni kitu kinachobadilika ndani kila kikitumiwa, na jina lake halibadiliki.

Umerekebisha msimbo, matokeo ni yaleyale

Kama msimbo uko kwenye faili la pembeni, tuseme `vifaa.py`, basi `import vifaa` ya pili haifanyi chochote. Python inaona moduli imeshapakiwa. Dawa ya kawaida ni hii, juu kabisa ya daftari:

```
%load_ext autoreload
%autoreload 2
```

Inapakia upya moduli zilizobadilika kabla ya kila seli. Hata hivyo ina mipaka. Inajitahidi kubadilisha funksheni na klasi, lakini thamani tupu uliyoichukua kwa `from vifaa import KIWANGO` inaweza kubaki ya zamani. Andika `vifaa.KIWANGO`, uepuke ubishi.

Kama ni klasi iliyoandikwa ndani ya seli, dalili ni ya kuchekesha kidogo: `isinstance(b, Bidhaa)` inarudisha `False`, ilhali `type(b)` inachapisha `Bidhaa`. Uliiendesha seli ya klasi mara ya pili, ikazaliwa `Bidhaa` mpya, na `b` ni mtoto wa ile ya zamani. Ukijaribu kuihifadhi kwa pickle, njia ya Python ya kuweka vitu kwenye faili, utaambiwa "it's not the same object as __main__.Bidhaa". Unda vitu upya baada ya kugusa klasi.

Na kama funksheni ina `@lru_cache`, inayoweka akiba ya majibu yaliyokwisha kutolewa, huku ikisoma jina la nje, akiba haijui kwamba jina hilo limebadilika. Kiwango umekipandisha kutoka 0.16 hadi 0.18, majibu yanatoka ya 0.16. Futa kwa `funksheni.cache_clear()`, kisha ipe funksheni kiwango kama hoja ili kiingie kwenye ufunguo wa akiba.

Umefuta jedwali, kumbukumbu haishuki

`del mauzo` inaondoa jina. Lakini kama seli yoyote iliishia na mstari `mauzo` peke yake ili jedwali lionekane, IPython, Python iliyo ndani ya keneli, imelihifadhi pia ndani ya `Out[7]`, na pengine ndani ya `_`. Jedwali la gigabaiti nne haliondoki hadi mkono wa mwisho ulioshika uachie. Tumia `%xdel mauzo`, au `%reset -f out` kufuta matokeo yote yaliyowekwa. Kwenye mashine yenye RAM ndogo inafaa kuzima kabisa tabia hii kwa `c.InteractiveShell.cache_size = 0` kwenye faili la mipangilio ya IPython; chaguo-msingi ni 1000.

Ukihamia marimo

`marimo convert mauzo.ipynb -o mauzo.py` inageuza daftari, kisha `marimo edit mauzo.py` inalifungua. Usitarajie lifanye kazi mara moja. Kwa kweli kugeuza huku ni kipimo kizuri cha ugonjwa hata kama huna nia ya kuhama: makosa yanayotokea ni orodha ya mahali daftari lako la Jupyter lilipokuwa likitegemea mpangilio wa mkono wako.

Malalamiko ya kwanza yanaweza kuwa kwamba jina fulani limefafanuliwa na seli zaidi ya moja. marimo inakataa, kwa sababu kama seli mbili zote zinafafanua `df`, haiwezekani kujua mtumiaji wa `df` anamtegemea nani. Tenganisha kwa mujibu wa maana. Kama ni hatua za jedwali lilelile, zipe majina tofauti: `ghafi`, `safi`, `safi_2024`. Kama ni vitu vya kupita, kama `i` ya mzunguko au `fig, ax` ya mchoro, anza na mstari chini: `_i`, `_fig`, `_ax`. Jina linaloanza hivyo ni la seli yake tu na halionekani kwingine. Na `from moduli import *` ondoa; marimo haiikubali, kwa kuwa haiwezi kujua imeleta majina gani.

Aina nyingine ya kukataa ni mzunguko: seli A inatumia jina la B, na B inatumia jina la A. Karibu kila mara seli moja inafanya kazi mbili. Ipasue.

marimo: seli haikuitikia

Hapa ndipo penye makosa ya kimya, na yanastahili muda. Tazama seli tatu:

```python
# A
mauzo = pd.read_csv("mauzo.csv")
```
```python
# B
mauzo["bei_vat"] = mauzo["bei"] * kiwango
```
```python
# C
mauzo["bei_vat"].sum()
```

Kwa macho ya binadamu C inaitegemea B. Kwa macho ya marimo, A inafafanua `mauzo`. B inatumia `mauzo` na `kiwango`. C inatumia `mauzo`. B haifafanui jina lolote. Kwa hiyo hakuna mstari kutoka B kwenda C. Badilisha `kiwango`, B itaendeshwa, C itabaki na jumla ya zamani na kuonekana imetulia kabisa. Vibaya zaidi, baada ya A kuendeshwa upya hakuna kinachoahidi kwamba B itatangulia C, na unaweza kupata `KeyError: 'bei_vat'`. Nafasi ya seli kwenye ukurasa si dhamana. Kwenye marimo seli ya chini kabisa inaweza kuendeshwa kwanza.

Na kama B inaandika juu ya `bei` yenyewe, ile hadithi ya 1.3924 inarudi vilevile ilivyo, kwa sababu kuendesha B peke yake hakuirudishi A.

Cha kushangaza wengi ni kwamba `orodha += [4]` kwenye seli nyingine inakataliwa kwa kelele, kwa kuwa ni ufafanuzi wa jina, ilhali `orodha.append(4)` inapita kimya. Kinachofanyika kwenye orodha ni kilekile. Tofauti ni kwamba cha kwanza kimeandikwa kwa namna ambayo marimo inaisoma.

Wa hatari kuliko wote ni huyu, kwa sababu anaonekana safi:

```python
modeli = LinearRegression()      # seli 1
modeli.fit(X, y)                 # seli 2
modeli.predict(X_mpya)           # seli 3
```

Seli ya 2 inabadilisha tumbo la `modeli` bila kuzaa jina. Ya 3 inaweza kuendeshwa kabla yake na kutoa `NotFittedError`. Au, ukibadilisha `y`, ya 2 inafunza upya huku ya 3 ikikuonyesha utabiri wa modeli ya zamani. Hili la pili halitoi kosa lolote. Ama weka seli 1 na 2 pamoja, ama tumia ukweli kwamba `fit` ya scikit-learn inairudisha modeli yenyewe:

```python
modeli_tayari = LinearRegression().fit(X, y)
```

Seli ya utabiri ikitumia `modeli_tayari`, mstari wa utegemezi umepatikana.

Njia ya kuhakikisha si kukisia. Fungua paneli ya vigeu kwenye marimo: kila jina lina seli iliyolifafanua na seli zinazolitumia. Paneli ya utegemezi inachora mistari yenyewe. Swali ni moja tu: kati ya seli niliyobadilisha na ile ambayo haikuitikia, kuna mstari? Kama hakuna, kuna kitu kinachopita chini ya meza. Kama mstari upo na bado kimya, angalia mambo mawili: daftari liko kwenye hali ya uvivu, ambapo seli huwekewa alama ya kupitwa na wakati na kusubiri uziendeshe, au `mo.stop`, amri ya kusimamisha seli (`mo` ni kifupi cha marimo), imelizuia tawi hilo.

Mafaili na hifadhidata hupita chini ya meza pia. Seli moja inaandika `safi.parquet`, nyingine inaisoma, na hakuna jina linaloziunganisha. Ziunganishe kwa njia ya faili:

```python
njia = "safi.parquet"
mauzo.to_parquet(njia)
```

Seli inayosoma iandike `pd.read_parquet(njia)`, nayo itasubiri zamu yake. Kama faili linabadilishwa na programu nyingine nje ya daftari, ndiyo kazi ya `mo.watch.file`.

marimo: seli inaitikia kupita kiasi

Kinyume chake kinaweza kugharimu fedha. Slaida, yaani kitelezi cha kuchagulia namba kwenye skrini, ikisogezwa, kila seli iliyo chini yake inaendeshwa. Kama mojawapo inaingiza mistari kwenye hifadhidata au kutuma SMS za wingi, utatuma kila kidole kinapogusa slaida, na SMS hulipiwa moja moja. Seli yenye athari za nje isiachwe wazi:

```python
kitufe = mo.ui.run_button(label="Tuma")
kitufe
```
```python
mo.stop(not kitufe.value)
tuma(wateja)
```

Kitufe hiki kinakuwa `True` kikibonyezwa, kisha kinarudi `False` seli zake zikimaliza. Kwa hesabu nzito zisizo na athari za nje, weka hali ya uvivu kwenye mipangilio:

```
[tool.marimo.runtime]
on_cell_change = "lazy"
auto_reload = "lazy"
```

Mstari wa tatu unashughulikia ile shida ya `vifaa.py`: moduli ikibadilika, seli zinazoitumia zinawekewa alama badala ya kuendeshwa.

Kuhusu akiba, `@mo.cache` na `mo.persistent_cache` zinaangalia majina ambayo msimbo unategemea, kwa hiyo zina akili kuliko `lru_cache`. Lakini faili likibadilika ndani huku jina lake ni lilelile, nazo hazijui. Ingiza muda wa mwisho wa kuguswa kwa faili, `os.path.getmtime(njia)`, kama hoja.

marimo: slaida inajirudisha mwanzo, au haifanyi kitu

Ikijirudisha, seli iliyoiunda imeendeshwa upya, na slaida mpya huanza na thamani yake ya mwanzo. Tazama kilicho ndani ya mabano: `mo.ui.slider(0, int(mauzo["bei"].max()))` inaitegemea `mauzo`, kwa hiyo kila `mauzo` inapobadilika slaida inazaliwa upya. Weka mipaka isiyobadilika, au itegemeze kwenye jedwali ghafi ambalo halichujwi.

Isipofanya kitu, haijapewa jina la wazi. Slaida iliyoundwa ndani ya funksheni, ndani ya orodha ya kawaida, au yenye jina la mstari chini, haina jina ambalo seli nyingine zinaweza kulifuata. Kwa nyingi pamoja tumia `mo.ui.array` au `mo.ui.dictionary`. Na `.value` isisomwe kwenye seli ileile iliyounda slaida. Marimo itatoa kosa. Unda kwenye moja, soma kwenye nyingine.

`mo.state` ipo kwa ajili ya vitu viwili vinavyopaswa kwenda pamoja, mfano slaida na kisanduku cha namba. Wanaotoka kwenye ulimwengu wa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti, huitumia kila mahali na kujirudishia hali iliyofichika waliyoikimbia. Ukiwa hujui kama unaihitaji, huihitaji.

Kwa wa Pluto na Observable

Kanuni ni ileile. Kwenye Pluto, `push!(orodha, 4)` haionekani kwa seli nyingine kama ambavyo `append` haionekani kwenye marimo, na jina moja haliwezi kufafanuliwa na seli mbili. Seli ya Pluto ni usemi mmoja. Ikiwa mingi, ifungwe kwa `begin … end`. Kwenye Observable, kuandika kwa makusudi kutoka seli nyingine kunatangazwa kwa neno `mutable`, jambo ambalo angalau linaonekana kwa macho.

Kabla ya kumtumia mwenzako

Jupyter:

```
jupyter nbconvert --to notebook --execute --output jaribio.ipynb mauzo.ipynb
```

Keneli mpya, seli zote kwa mpangilio wa ukurasa. Kosa likitokea amri inaanguka, kwa hiyo inaweza kuwekwa kwenye mfumo wa majaribio wa mradi. Kisha linganisha namba za `jaribio.ipynb` na zilizo kwenye ripoti yako. Kufika mwisho bila kosa na kutoa jibu lilelile ni mambo mawili.

marimo ni faili la Python, kwa hiyo `python mauzo.py` inatosha kuiendesha kwa mpangilio wa utegemezi. Ila ile modeli ya seli tatu inaweza kupita jaribio hili bila doa: kwenye mwanzo mpya kila kitu huendeshwa mara moja tu, na kosa lake huzaliwa pale unapobadilisha `y` daftari likiwa wazi. Kwa hilo fungua daftari, badilisha thamani moja ya juu kabisa, andika namba zilizotoka, kisha anzisha upya ukiwa na thamani hiyohiyo na uzitazame tena. Zikitofautiana, rudi kwenye paneli ya utegemezi na utafute seli ambayo haina mstari unaotoka.